Kiingereza cha Masufuria

Neno la kwanza la Kiingereza ambalo Tulinagwe alilishika likakaa halikuwa "good morning". Lilikuwa "starving", na alilipachika kwenye sufuria kubwa la ugali, lile ambalo kulinyanyua kunataka watu wawili.

Msiwe na haraka, huko kwenye masufuria nitafika.

Kibanda chake kiko Tunduma, kando ya barabara inayotokea Mpemba, pale malori yanaposimama kusubiri zamu ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Foleni ikiwa fupi, dereva anakula mara moja anapita. Ikiwa ndefu, dereva anageuka mpangaji: anafua shati, anaanika kwenye kioo cha pembeni, anajua hadi majina ya wagonjwa wa mtaa. Tulinagwe ni Mndali wa milima ya Ileje. Aliolewa Tunduma, akafiwa na mume hapohapo, na hakurudi kwao kwa sababu, anasema mwenyewe, madereva walishazoea maharage yake na yeye alishazoea kelele zao. Ana utaratibu mmoja ambao wenzake wanamcheka nao. Dereva akiagiza chakula, halafu foleni ikasogea kabla hakijaiva, Tulinagwe anatia sahani kwenye ndoo, anafunika kwa kitambaa, anapandisha barabara akilitafuta lile lori mpaka alipate.

"Njaa ya mtu ukishaipokea ni yako," husema.

Mwanawe wa pekee, Yesaya, alivuka mpaka kutafuta maisha akafika hadi Lusaka. Huko akapata kazi ya ghala, akapata na mke, Mutale, Mbemba mwenye heshima zake. Walipojaliwa binti, Yesaya akampa jina la Gwantwa, mama aliyemzaa Tulinagwe. Jina likatoka Ileje likaenda kukaa Lusaka. Lugha haikwenda nalo. Baba Mndali, mama Mbemba, majirani wanaongea Kinyanja, shule Kiingereza. Wazazi wakaogopa kumchanganya mtoto, wakamwachia Kiingereza peke yake. Na Tulinagwe, kama kila mtu Tunduma, alikuwa na Kibemba cha kuuzia na kununulia. Lakini Kibemba hicho kingemfaa nini kwa mtoto asiyekijua?

Agosti moja walikuja wote watatu kumsalimia. Asubuhi moja Yesaya na mkewe wakaenda Vwawa, mtoto akabaki na bibi. Gwantwa alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka, kikapasuka sakafuni. Tulinagwe akainama kuokota vigae, kimyakimya, akiwahi asije mtoto akakanyaga. Mtoto akamtazama. Kisha akauliza kitu, kwa sauti ndogo, taratibu.

Tulinagwe hakuelewa hata neno moja. Lakini kule alikokulia, mtu akikuuliza kwa adabu namna ile humwachi hivihivi, unamwitikia. Basi akamwitikia kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho, akitabasamu mpaka mwisho wa meno.

"Yes!" akasema. "Yes, yes!"

Mtoto akaangua kilio. Alilia mpaka wazazi wakarudi, alilia akiwa mgongoni kwa mama yake, na hakutaka tena kuguswa na bibi hadi siku wanaondoka. Yesaya ndiye aliyemsikiliza, halafu akatoka nje kumfuata mama yake jikoni.

"Mama, alikuuliza kama umemkasirikia."

"Haa!"

"Ukamwambia ndiyo. Tena ukarudia."

Tulinagwe akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Na nilikuwa nacheka?"

"Ulikuwa unacheka, mama."

Hilo la kucheka ndilo lililomkaa. Kumkasirikia mtoto ni jambo la kawaida, mtoto husahau. Kumkasirikia huku unacheka ni jambo la mtu mbaya. Akajiapiza kwamba mjukuu akirudi, swali lile lazima lipate jibu lake.

Alianza na vitabu vya watoto alivyopewa kanisani. Boazi ndiye aliyemkuta navyo. Boazi ni dereva, mtu wa Isansa, mwenye mwili mkubwa na sauti ya kukwaruza. Ameendesha malori hadi Durban, Afrika Kusini, kwa miaka mingi, na foleni ikimkamata Tunduma hali kwingine.

"Unasoma nini, mama Yesaya?"

"Kiingereza. Sikiliza. This is a window."

Boazi akalitazama dirisha, akamtazama yeye. "Sasa mtoto hana macho? Dirisha si analiona?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, Boazi."

"Hicho ni Kiingereza kilichovaa tai. Mtoto anataka cha kaptula. Wewe hapa, mtu akija na njaa ya kuzimia, anakwambia 'I am hungry', kama anasoma tangazo? Anasema 'I'm starving!' Yaani nakufa, nishikeni! Uliseme kwa tumbo."

"Stavin," akasema Tulinagwe.

"Kwa tumbo, mama!"

"Staaarving!"

Kibanda cha pili kuna Sabra, Mrangi wa Kondoa, muuza chai na chapati, ambaye hajawahi kuona jambo la jirani likapita bila kulisindikiza. Akatoa kichwa.

"Jamani, nani kafiwa huko?"

"Ni masomo, Sabra," akasema Boazi.

"Haya, malkia wa Durban, ukimaliza masomo uniazime chumvi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Tulinagwe hakuyaandika maneno yake. Aliogopa kwamba neno likiingia kwenye karatasi litabaki huko. Kila neno alilipa chombo cha jikoni, ili akikishika chombo limjie mkononi. "Starving" sufuria la ugali. Kikaango kidogo cha mayai kikapewa "peckish", kwa maana Boazi alisema ndiyo njaa ya kuchokozachokoza, ya mtu anayetaka kitu cha mdomoni tu. Sufuria la zamani lililobonyea kila upande na bado linafanya kazi likawa "knackered", hoi bin taaban. Chungu cha maharage kikawa "lekker", neno la kusini kwa kitu kitamu mpaka ufunge macho. Mfuniko ule mzito usiotaka kukaa juu ya sufuria lolote ukawa "no ways", kwamba haiwezekani hata kidogo.

Lililomshinda siku nyingi ni habari ya "now-now" na "just now". Boazi alieleza, dereva mmoja wa Ndola akaeleza, wakagombana wenyewe. Mwisho Tulinagwe akawanyamazisha.

"Ngojeni. Birika limeanza kulia, chai inakuja. Hiyo ipi?"

"Now-now."

"Na maharage makavu nimeyabandika sasa hivi, mteja anauliza lini?"

"Just now!" wakasema wote wawili, na dereva wa Ndola akampa mkono.

Kufikia mvua za mwisho alikuwa anapitisha chakula kwenye foleni akipiga kelele, "Who is starving? Who is only peckish?", na madereva wa Harare na Lubumbashi wakichungulia madirishani wakicheka. Sabra naye, ambaye aliapa hatajifunza, akawa anaitikia "eish", ule mshangao wa watu wa kusini, bila kujijua.

Simu ikaja Julai. Mutale na mkwewe huongea Kibemba cha sokoni wakichanganya na Kiswahili cha kubahatisha, na wanaelewana kwa sababu wanapendana.

"Mama, tumeamua Gwantwa aje peke yake Agosti. Yesaya atamleta na kurudi. Akae likizo."

"Lekker!" akapaza sauti Tulinagwe. "Eish, I am chuffed!" Yaani furaha imemjaa.

"Mama, nani anakufundisha hayo?"

"Madereva wangu."

Mutale akakohoa kidogo. Hakusema kwa ubaya, na Tulinagwe mwenyewe anakiri hivyo. Alisema tu kwamba shule ya mtoto ni kali kuhusu lugha, na maneno ya barabarani huwa yanaganda. Kisha akaongeza lile alilopigia simu. "Na mama, samahani. Akilia kama mwaka jana, Yesaya atageuka kumchukua siku ileile. Na hatutamlazimisha tena."

Tulinagwe alirudisha simu kwenye kifua cha gauni. Akayatazama masufuria yake yote yaliyotundikwa ukutani, kila moja na neno lake, kama mtu aliyeambiwa watoto wake wananuka. Usiku ule na siku zilizofuata akavitafuta tena vile vitabu vya kanisani.

Gwantwa akaja na upepo wa Agosti, ule unaobeba vumbi la barabara yote na kulimwaga kwenye chai. Alikuwa amerefuka. Alisimama nyuma ya baba yake, akiwa ameshika begi kwa mikono miwili. Yesaya akalala usiku mmoja, asubuhi akawahi basi Nakonde. "Nitapiga simu jioni, kila jioni," akamwambia mtoto kwa Kiingereza, na akamtazama mama yake kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno.

Basi Tulinagwe akaanza kusema Kiingereza kilichovaa tai.

"Good morning, Gwantwa. Sit down. Wash your hands. Eat your food."

Kila sentensi ilikuwa safi, na kila sentensi ilikuwa amri. Mtoto alikaa. Alinawa. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani. "Thank you, Granny," akasema, kama mwanafunzi anayejibu mwalimu wa zamu. Bibi akaogopa kuongeza neno, mjukuu akaogopa kupunguza adabu, na siku ikapita hivyo, na nyingine ikafuata. Jioni kwenye simu Gwantwa alisema "fine" kwa baba yake, na "fine" kwa mama yake, na sauti ilikuwa inapungua kila jioni.

"Mama Yesaya," akasema Sabra, "nyumba yako imekuwa ofisi. Yako wapi yale matarumbeta?"

"Mama yake hataki maneno ya barabarani."

"Na mtoto anataka nini?"

"Mtoto hasemi."

"Mtu asemeje ofisini?" Sabra akageuza chapati. "Mimi mwenyewe ungeniambia 'siti dauni' kwa sauti hiyo ningetafuta kitambulisho."

Kesho yake mchana foleni ikasogea ghafla, na Boazi alikuwa ameshaagiza. Tulinagwe akatia sahani kwenye ndoo, akampa Gwantwa chupa ya maji abebe, wakapandisha barabara wawili. Walimkuta Boazi amechuchumaa pembeni ya lori, sikio kwenye tairi, kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo wa mgonjwa.

"Eish! Slow puncture, mama Yesaya. Upepo unatoka kidogo kidogo, hata tundu silioni. Gari linatembea tu, lakini ukilisahau asubuhi unalikuta limekaa chini."

Alimimina maji kidogo juu ya mpira, na pale penye tundu pakatokea povu dogo, likawa linapumua. Gwantwa akasogea kulitazama. Alilitazama muda mrefu kuliko kitu chochote alichokitazama tangu afike.

Waliporudi kibandani mtoto akakaa kwenye kigoda, sahani yake mbele yake, hajaigusa. Tulinagwe akaiondoa ili maharage yasipoe, akageuka kuyarudisha motoni. Mfuniko ule mzito ukamponyoka ukaanguka, pwaa! Akainama kuuokota, kimya.

Nyuma yake ikaja sauti ndogo, taratibu.

"Granny, are you angry with me?"

Safari hii swali alilijua: umenikasirikia? Kwa mwaka mzima alikuwa amelingojea, na lilipofika lilimkuta na mfuniko mkononi, na mfuniko ndio wenye jibu.

"Angry? Me?" Akageuka, akaubamiza mfuniko kifuani. "No ways! No ways, my girl! Granny is knackered. Granny is an old lorry. But angry? No ways!"

Gwantwa alifungua mdomo. Hakuna mwalimu wa zamu aliyewahi kusema hivyo.

Tulinagwe akapiga magoti mbele ya kigoda, vumbi na yote. Alitafuta neno la kumuuliza mtoto moyo wake una nini, na hapo akagundua jambo lililomtisha: hakuwa nalo. Mwaka mzima alikusanya maneno ya njaa, ya uchovu, ya kungoja, ya gari lililoharibika. Neno la kuuliza moyo hata moja, madereva hawakuwa wamempa. Basi akachukua yaliyokuwepo. Akamgusa mtoto kifuani kwa kidole kimoja.

"You. Here. Puncture?"

Mtoto akatazama kidole, akatikisa kichwa kukubali.

"Big puncture? Or slow puncture?"

Gwantwa akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta tundu kwa maji. "Slow puncture," akasema. Kisha akaongeza: "I miss Mummy."

"Shame," akasema Tulinagwe, kwa namna ya watu wa kusini wanapomaanisha pole, pole sana, hata mimi inaniuma. "Shame, my girl." Akamwelekeza birika. "Mummy, now-now? No." Akamwelekeza chungu cha maharage. "Mummy, just now."

Mtoto akalitazama birika, akakitazama chungu, na akaelewa, maana huko Lusaka nako wanangoja kwa maneno hayohayo. Machozi yalitoka, lakini yalitoka kimya, bila kukimbia mtu. Tulinagwe akashika pampu isiyokuwepo, akaanza kusukuma juu na chini kama fundi wa tairi, akivimbisha mashavu, fyuu, fyuu. Gwantwa naye akavimbisha yake. Akazidi kuvimba mpaka macho yakawa madogo, halafu akapasuka kwa kicheko, akajimwagia mate mwenyewe kidevuni.

"Peckish?" akauliza bibi.

"Starving!" akasema mtoto. Kwa tumbo.

"Alhamdulillahi," ikasikika kutoka kibanda cha pili, "ofisi imefungwa."

Simu iliita jua likiwa linashuka upande wa Nakonde. Yesaya alimuuliza mwanawe kama hali ni nzuri, na Tulinagwe, aliyekuwa akiosha sahani hatua chache tu kutoka pale, aliacha maji yatulie. Aliona macho ya mtoto yameanza kujaa kwa kusikia sauti ya baba. Yesaya naye alimsikia akivuta pua.

"Gwantwa, are you crying? Should Daddy come?"

Mtoto akapangusa pua kwa mkono. "It's just a slow puncture, Daddy," akasema. "Granny is pumping."

Huko Lusaka simu ikahama mikono, ikawa Mutale, na alimtaka mkwewe. Tulinagwe akaipokea kwa mkono wenye povu la sabuni. Alijua kosa lake: alikuwa amekatazwa maneno ya barabarani, na ona, yameganda tayari.

"Mama, slow puncture ndiyo nini?"

Akaeleza kwa Kibemba cha sokoni, na pale Kibemba kilipoishia akamalizia na Kiswahili. Kwamba ni upepo unaotoka kidogo kidogo. Gari halijaharibika, linatembea, ila halitaki kusahauliwa. Kila mara unalitazama, unalijaza, na safari inaendelea. Kwamba mtoto amemkumbuka mama yake namna hiyo.

Mtu akamwita Mutale huko kwake, hakuitikia.

"Mwaka jana alilia nikadhani anakuogopa wewe," akasema mwishowe. "Kumbe aliumia moyo, hakujua namna ya kuniambia, nami sikujua namna ya kuuliza." Akavuta pumzi. "Basi, mama. Endelea kumjaza. Yesaya atakuja likizo ikiisha."

"Sharp," akasema Tulinagwe, kwa maana ya sawasawa, kabla hajajizuia.

Na Mutale, yule mwenye heshima zake, akajibu, "Sharp-sharp, mama." Nyuma yake Yesaya alisikika akicheka.

Siku zilizobaki ndoo ilipandishwa barabarani na watu wawili, na sauti zilikuwa mbili: "Who is starving?" moja nene na moja nyembamba. Na kwa kuwa Gwantwa alikuwa mtoto mwenye kuona haya kupokea tu, naye alitoa neno. Ilikuwa asubuhi ya baridi, upepo unapita chini ya mlango wa kibanda, moto haujashika. Alikuja akainua kitenge cha bibi yake, akajipenyeza ndani ubavuni, akajikunja.

"Snuggle," akasema.

Tulinagwe akalirudia. Akalirudia tena. Akayazungusha macho ukutani, sufuria kwa sufuria, hadi kwenye kijiko cha kupakulia mchuzi, na hakuona chombo ambacho neno lile lingekaa.

Boazi aliporudi kutoka kusini, foleni ikamkamata tena, na Tulinagwe hakumpa hata nafasi ya kunawa.

"Boazi. Snuggle."

"Sinagoo?" Boazi akakuna kidevu. Miaka yote ya Durban, Harare na Ndola ikapita usoni pake. "Hebu rudia. Hiyo ni spea ya gari gani?"

Tulinagwe alimpakulia maharage, akamjazia sahani mpaka ukingoni, na hakumweleza. Kitenge kilikuwa kwenye msumari wake peke yake, mbali na masufuria, kimelibeba neno lile.